Tupeane uzoefu: hadithi ya shabiki iliyokuharibia mhusika unayempenda

Kalamu Nyeusi
Wakuu, habari za muda huu. Nimetoka kusoma hadithi ya mashabiki, ile msomaji anayoitunga kwa wahusika wa mwandishi mwingine, kuhusu mpelelezi Sherlock Holmes na damu inachemka. Holmes huyuhuyu wa mwandishi Conan Doyle, anayeijua kazi ya mtu kwa kutazama kucha zake na magoti ya suruali yake, anafungua mlango, anamkuta binti mwenye macho ya zamaradi, kiko kinamdondoka, anaanza kulia. Analia! Hata jina hajamuuliza. Sura ya pili wameshachumbiana, rafiki yake Watson kazi yake kubeba maua. Huyo si Holmes, ni mtu mwingine kapewa jina lake. Nani mwingine yamemkuta? Mwageni hapa.

Binti Sura
Hayo macho ya zamaradi nayajua. Kila mwandishi anayo.

Mzee wa Pembeni
Huyo binti ana jina tangu 1973. Paula Smith aliandika kijihadithi cha kuwakejeli waandishi wa namna hiyo, kikatoka kwenye jarida la mashabiki wa Star Trek, ile tamthilia ya TV ya chombo cha angani. Shujaa wake ni Luteni Mary Sue, miaka 15 na nusu, luteni mdogo kuliko wote. Kila mkubwa chomboni anamzimikia, kila kitu anakiweza, na anapokufa wote wanamlilia. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado tunaletewa yuleyule.

Dokta Wino
Mzee, heshima yako, ila hilo jina limegeuzwa fimbo ya kuwachapia mabinti wanaojifunza kuandika. Kijana wa kiume akishinda jeshi zima peke yake na kupendwa na kila mwanamke, mnasema ni shujaa.

Mzee wa Pembeni
Wa kiume naye ana jina, Gary Stu, na namkataa vilevile. Usinibebeshe nisiyosema.

Msomaji Mkavu
Mimi mapenzi ya ghafla nayavumilia. Kinachonimaliza ni adui anayegeuka mpenzi bila sababu. Niliwahi kusoma moja, jamaa kachoma kijiji cha msichana, wazazi ndani. Sura inayofuata anamfunga bandeji kwenye jeraha alilomtia yeye mwenyewe, na msichana anawaza jinsi vidole vyake vilivyo laini. Hakuna kuombana radhi, hakuna hasira, wazazi hawatajwi tena mpaka mwisho.

Binti Sura
Ila kwa Holmes msitudanganye, alimpenda Irene Adler. Hilo liko wazi.

Kalamu Nyeusi
Liko wazi wapi? Adler ana hadithi moja tu, ya 1891, na mwanzoni kabisa Watson anasema Holmes hakuwa na hisia za mapenzi kwake. Tena mle ndani Adler anafunga ndoa na Godfrey Norton, na shahidi ni Holmes mwenyewe kajibadilisha sura!

Binti Sura
Na picha ya Adler ambayo Holmes aliiomba kwa mfalme, mteja wake, ilikuwa ya nini?

Kalamu Nyeusi
Ya kumheshimu mwanamke aliyemshinda akili. Kwani kila heshima ni mapenzi?

Nahodha wa Sura
Mmenitonesha kidonda. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tunaandika kwa kupokezana, sura yangu, sura yake. Tulianzia pale Holmes anapoaminika amekufa kwenye maporomoko ya Reichenbach pamoja na adui yake Moriarty. Mimi nikamwandika Watson aliyepotelewa: anakaa mezani kuandika habari za kifo cha mwenzake, anafuta, anaandika tena, kalamu inakaukia kwenye neno la kwanza. Nilitumia muda mwingi kwenye ukurasa ule.

Zamu yake ikafika. Moriarty kumbe hakuzama, kaja kwa daktari Watson na kikohozi alichokipata kwenye maji yale. Watson anampima kifua, wanatazamana, na kabla ukurasa haujaisha wanaitana kipenzi. Jamani! Mtu aliyetaka kumuua rafiki yake! Mimi nikafungua sura yangu kwa kumuua Moriarty kwa nimonia, sentensi ya kwanza. Yeye akamleta kaka yake Moriarty, kanali, ambaye kweli kwa Doyle yupo, akasema wana sauti moja, Watson akahamishia mapenzi huko.

Nikamuuliza kwa upole: Watson ana hasira wapi? Ana aibu wapi? Nipe hata usiku mmoja anajichukia, mimi nitaamini. Akanijibu mapenzi hayana sababu na kwamba namwonea wivu kwa sababu wasomaji wanazisifia sura zake. Na kweli walizisifia, walidai harusi. Tangu siku hiyo hatusemeshani, na alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote.

Msomaji Mkavu
Subiri, wakati ule si Watson ana mke, Mary?

Nahodha wa Sura
Anaye. Hakutajwa hata mara moja.

Mzee wa Pembeni
Mtafute rafiki yako, Nahodha. Moriarty asikugombanishe na mtu.

Binti Sura
Asimtafute! Aliyemuoza Watson huko hana la kumweleza.

Pita Njia
Waacheni waandike. Hawalipwi na wewe hujalipa. Hujapenda, funga ukurasa.

Dokta Wino
Pita Njia, bure si sababu ya kumdharau msomaji. Hisia inauma ikicheleweshwa. Doyle alianza na Holmes na Watson 1887. Hadi hadithi moja ya 1924 ndipo Watson anapigwa risasi ya paja, Holmes anampasulia suruali kwa kisu cha mfukoni aone jeraha, midomo inamtetemeka, kisha anamwambia mhalifu kwamba angemuua Watson asingetoka chumbani hai. Mistari michache tu, na yule mtu baridi tunamwona moyo wote. Anayeandika mapenzi akasome pale kwanza.

Msomaji Mkavu
Ushauri wangu mfupi: futa neno "ghafla" katika sura nzima, uone kama mapenzi bado yamesimama.

Pita Njia
Au weka mapenzi kwanza, sababu zitafuata. Watu wanapenda hivyo.

Kalamu Nyeusi
Nahodha, hujamalizia. Harusi ilifungwa?

Nahodha wa Sura
Ilifungwa. Holmes alifufuka akawa mpambe.

Binti Sura
Mpambe?! Weka kiungo hapa sasa hivi.