Kumsahihisha usiyemjua kwenye kundi la WhatsApp: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Busia: Naanza mimi. Kabla ya kusahihisha, tazama saa. WhatsApp inampa mtu dakika 15 za kuhariri alichotuma. Ukimwahi inboksi, anabadilisha tarehe au bei na yanaisha kimya kimya. Zikipita, itabidi afute au akiri mbele ya kundi zima, na hapo wengi huamua kubisha. Leteni zenu.

Kijana wa Mbale: Nakubali nusu. Kama ni kipimo cha dawa ya mtoto au namba ya mobaili mani ya matapeli, inboksi ni kuchelewa. Jibu palepale, tena kwa kuubonyeza ujumbe wenyewe, usiandike chini tu. Kundi likichangamka, sahihisho linasukumwa mbali na kosa, kila mtu anadhani anasemwa yeye.

Mama Tororo: Ujumbe wenye mishale miwili umeshasambazwa mara tano au zaidi kabla ya kufika kwenu. Aliyeuleta si mtunzi. Ukimwambia "unadanganya" anautetea kama mwanawe. Sema "ujumbe huu uliokufikia una kosa."

Mpenda Riadha: Chukueni hili: mtu anaandika kwamba dhahabu ya Stephen Kiprotich, London 2012, ndiyo ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki. "Kasome historia" si jibu, ni uchokozi. Jibu hivi: "Kweli Kiprotich alishinda marathoni. Ya kwanza ni ya John Akii-Bua, Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82." Umeanza na alichopatia, ukagusa kosa moja, ukampa kitu anachoweza kukitafuta mwenyewe. Usiongeze tahajia yake! Atalijibu hilo dogo na kulikimbia kubwa.

Mwalimu wa Busia: Kuna pia makosa ambayo ni nusu kweli. "Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Uganda 2022." Mwingine anaruka: "Uongo, ni 2005!" Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike pale Bunge litakapoweka kwa sheria. Julai 2022 ni uamuzi wa Baraza la Mawaziri. Kwa hiyo uliza kwanza: "Unamaanisha uamuzi wa mawaziri?" Mara nyingi ubishi unaishia hapo.

Afande Mstaafu: Tena Kiswahili kwetu Uganda bado kinanuka kambi ya jeshi. "Futa hiyo" kwa mtu wa Masaka ni amri ya mwenye bunduki. Andika "naomba uitazame tena, ssebo," yaani bwana kwa Kiganda. Hujui ni bwana au bibi? "Ndugu" inatosha.

Kijana wa Mbale: Na akikataa?

Mama Tororo: Mara mbili tu. Ya kwanza sahihisho, ya pili ushahidi: skrinshoti ambayo tarehe yake inasomeka. Kiungo kitupu kinakula bando, na cha Facebook wengi hawakifungui bila VPN tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021. Ya tatu ni kelele, na waliokuwa wanakusoma wameshaondoka.

Mpenda Riadha: Je, kosa likiwa kwenye ujumbe wa sauti wa dakika sita?

Mama Tororo: Taja dakika na sekunde: "kwenye 1:47 umesema kilo 50." Hakuna atakayeusikiliza wote ili akutafutie.