Naomba ushauri: "adjudant" tumwiteje kwa Kiswahili?

Habari zenu wanajukwaa. Shikamooni wakubwa.

Naandika sabtaito za Kiswahili za filamu ya Kifaransa, Les Gaietés de l'escadron ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Maurice Tourneur. Ni vichekesho vya kambi ya askari wa farasi, kutoka kazi ya mwandishi Georges Courteline. Mwigizaji Raimu ni Kapteni Hurluret, mtu mwenye huruma kwa vijana wake. Wamo pia Jean Gabin na Fernandel wangali wabichi kabisa kwenye sinema. Naipenda sana na sitaki kuiharibu.

Nimekwama kwa Flick, yule mnoko anayewaandama askari kwa adhabu. Cheo chake ni adjudant: yuko juu ya sajenti, lakini si ofisa kamili. Nimejaribu "sajenti meja", naona namshusha. "Afisa mteule" ndiyo cheo chenyewe jeshini Tanzania, ila ni refu, na mstari wangu hauzidi herufi 40. Hawa watu wanaongea mbio mno.

Halafu "mon capitaine" (yaani "kapteni wangu", askari wanavyomwita Hurluret) nimeweka "afande". Linakaa vizuri mdomoni, lakini askari wakimwita Flick nako inakuwa "afande", tofauti ya mpole na mkali inapotea.

Waliopita jeshini na wafasiri, naomba mnisaidie: nibaki na "afisa mteule" au niandike "ajuda" tu? Na Hurluret aitwe "kapteni" hata pale askari wanapomjibu uso kwa uso?