Mwiba gani wa Dodoma hutausahau? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Hombolo: Mbukwenyi wakuu. Leo nimekwenda kuangalia kiwanja Nala na yeboyebo zangu, nikijua ni kushuka kwenye boda na kupanda tena. Hatua ya tano tu, mwiba wa mgunga umetoboa soli ukaingia chini ya kidole gumba. Nimekaa juu ya bikoni nachokonoa, utoto wote ukanirudia. Nani mwingine ana kovu? Na mnapitaje porini siku hizi?

Mama Mbili: Yeboyebo porini? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole 😂

Zabibu Tamu: Mgunga mnauonea, mwiba wake unauona kabisa. Ngoja ukutane na mpungate. Nilikuwa darasa la nne, Mpwapwa. Njia ya kutoka shule ilipita kwenye boma la zamani lililozungushiwa mipungate, matunda yameiva mekundu. Wenzangu wenye akili waliyaangusha kwa kijiti, wakayabiringisha mchangani kwanza. Mimi nikachuma kwa ncha za vidole, nikajaza mifuko yote miwili ya kaptula nikale na mdogo wangu. Ile miiba mirefu niliikwepa vizuri. Sikujua kwamba kwenye tunda lenyewe kuna vinyoya vya rangi ya dhahabu, vifupi kuliko kope, na vina vijindoano vinavyotazama nyuma. Vikapenya mfuko. Kila hatua, vinazama. Nikajikuna, mikono ikavichukua, nikapeleka shingoni, nikafuta jasho mdomoni. Nimefika nyumbani natembea kama mwali wa jandoni. Bibi akanivua kaptula uani, majirani wanaangalia, akanilaza juani ili vinyoya ving'ae avione. Shangazi na kibano cha nyusi, bibi na kucha, mpaka magharibi. Yale matunda bibi aliyapitisha kwenye moto, vinyoya vikaungua, mdogo wangu akala yote.

Kichaka: Hapo kwenye kujikuna, dah.

Fundi Meza: Vile vinyoya usisugue. Vikubwa toa kwa kibano, vilivyobaki paka gundi nyeupe ya mbao, weka kitambaa chepesi juu, ikikauka bandua pole pole. Nimewafanyia wanangu.

Babu Kongwa: Gundi ya nini. Mafuta ya taa usiku mmoja, mwiba unatoka wenyewe.

Fundi Meza: Unatoka na ngozi, mzee wangu.

Kichaka: Kwetu tunatumia maziwa ya mnyaa.

Sista wa Zamu: JAMANI HAPANA. Mnyaa hauna miiba lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Nimepokea kijana aliyekuwa anakata ua wa minyaa, akajifuta uso, siku tatu haoni vizuri. Ukikupata, osha kwa maji mengi hapo hapo kisha nenda hospitali. Na mwiba ulioingia ndani sana, hasa karibu na kiungo, usichokonoe na pini ya kanga. Uliza pia mara ya mwisho ulichoma lini sindano ya pepopunda.

Mwalimu wa Jiografia: Mpungate si mti wetu, asili yake ni bara la Amerika. Watu huona picha za jangwa la kule wakadhani ndiyo Dodoma. Sisi ni nusu jangwa.

Babu Kongwa: Babu yangu aliukuta hapa. Na nusu jangwa gani, mtama umekauka mara mbili?

Mwalimu wa Jiografia: Jangwa kwa kawaida hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Dodoma inapata zaidi ya 500, ila karibu zote zinakuja kati ya Desemba na Aprili.

Babu Kongwa: Njoo Oktoba unihesabie hizo milimita.

Abiria wa Singida: Nyote hamjaumia. Basi limetoka Singida, giza limeingia, kati ya Manyoni na Kintinku konda akatangaza kuchimba dawa, dakika tano. Tumbo lilikuwa limenisumbua tangu mchana. Wenzangu wamebaki karibu na barabara, mimi kwa aibu nikaingia ndani kidogo, nikaona kichaka kizuri cha kujificha. Nikachuchumaa.

Kilikuwa mpungate.

Nilipiga kelele mpaka dereva akapiga honi akidhani ni fisi. Nikasimama hadi Morogoro. Mama mmoja wa siti ya jirani akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa nini hukai na nauli umelipa?"

Mama Mbili: NIMEKUFA 😂😂😂

Zabibu Tamu: Nakuachia taji.

Kichaka: Basi la kampuni gani?

Abiria wa Singida: Basi halina kosa, kosa langu.

Fundi Meza: Nani alitoa?

Abiria wa Singida: Swali linalofuata.

Sista wa Zamu: Msicheke, hilo linatokea. Mwanga wa simu kwanza, halafu ndiyo uchuchumae.

Nyuki wa Itigi: Tukirudi kwa mleta mada. Sisi wa vichaka vya Itigi tunavaa katambuga za tairi, suruali nzito, na tunafuata njia ya ng'ombe. Fimbo inatangulia. Ukinaswa na miiba ya kulabu usivute mbele, rudi nyuma ulikotoka.

Mama Mbili: Katambuga haizuii mbigili za pembeni.

Nyuki wa Itigi: Mbigili hata baiskeli inashindwa, dada.

Mtoto wa Hombolo: Asanteni, ila mwiba wangu umekatikia ndani. Gundi au mafuta ya taa?

Kichaka: Abiria, ile nauli walikurudishia?