Vijisindano vya kijivu kwenye jiwe la Handeni, nitajuaje kama ni madini mapya?

Kijana_wa_Chumbageni
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Shemeji yangu anachimba dhahabu kule Handeni, juzi kaja huku Tanga mjini kaniletea jiwe jeupe la kwatzi saizi ya ngumi, limepasuka na ndani kuna kijishimo kimejaa vijisindano vyembamba kama nywele, rangi ya kijivu cha chuma na vinang'aa, pembeni yake kuna pairaiti (ile ya njano inayodanganya kama dhahabu). Nikalipeleka kwa dalali mmoja hapa mjini ana ile bunduki ya kupimia mawe, kalipiga ikasoma salfa, metali ya risasi, antimoni na chuma ila jina haikutoa, basi akasema hayo ni madini mapya hayajawahi kuonekana duniani, nimwachie kwa 50,000. Sijauza, moyo umegoma. Hivi kweli bado kuna madini mapya yanapatikana? Na inathibitishwaje? Nimewaza niponde nusu nipeleke unga maabara.

Mtu_wa_Miamba
Mkuu usiponde chochote!! Hivyo vijisindano ndio mali yenyewe, ukishavichanganya na kwatzi na pairaiti hakuna atakayeweza kuvitenganisha tena. Na usivichome moto kujaribu, kwenye mawe ya dhahabu mara nyingi kuna aseniki, wachimbaji wanaijua ile harufu ya kitunguu thomu jiwe likigongwa nyundo, ule moshi ni sumu kabisa.

Kuhusu bunduki, inasoma elementi tu, haijui zimejipanga vipi. Pairaiti na makasaiti zote ni chuma na salfa kwa hesabu ileile moja, ila atomu zimepangwa tofauti kwa hiyo ni madini mawili. Halafu inapiga eneo la milimita kadhaa kwa mpigo, hicho chuma ilichosoma kinaweza kuwa cha pairaiti ya pembeni wala sio cha vijisindano.

Mama_wa_Hadubini
Mwanangu umefanya vizuri kutouza. Madini mapya yapo na yanapatikana hata hapa kwetu. Mwaka 2016 ilitangazwa merelaniaiti, salfaidi (yaani madini ya metali na salfa) kutoka machimbo ya tanzanaiti kule Mirerani, ndani yake kuna molibdenamu, risasi, vanadi na antimoni. Nayo ilikuwa vijiunywele vya kijivu hivyohivyo! Wakaja kugundua kila unywele ni tabaka mbili za aina tofauti zinazopishana, saizi zao hazilingani, kwa hiyo zimejiviringisha pamoja kama mkeka. Mimi kila nikiifikiria nasisimka, maana mawe yale yamepita mikononi mwa watu wengi sana wanaotafuta bluu ya tanzanaiti tu, unywele wakaufuta kama uchafu. Baadaye hapohapo Mirerani ikatoka richadisaiti, hiyo ni shaba, zinki na metali ya gali pamoja na salfa, punje zake hazifiki hata nusu milimita.

Sasa la kwako. Risasi, antimoni na salfa kwenye umbo la nywele sio jambo geni, ni ukoo mkubwa unajulikana tangu karne ya 19, wakubwa wake ni bulanjeraiti na jemsonaiti. Jemsonaiti ina chuma ndani yake na bulanjeraiti haina, ndio maana lile neno la Mtu_wa_Miamba kuhusu pairaiti ni la msingi. Tafuta unywele uliodondoka wenyewe, usichomoe, uusukume taratibu na ncha ya sindano. Ukipinda ni dalili ya bulanjeraiti, ukikatika kama kijiti kikavu ni dalili ya jemsonaiti. Dalili tu lakini.

Kusema ni mapya inabidi upate vitu viwili vya unywele mmoja uleule: elementi zipo kwa kiasi gani, hiyo inapimwa kwa hadubini ya elektroni, na atomu zimepangwaje, hiyo ni mionzi ya eksirei. Na hata hadubini ya elektroni inahitaji mtu makini, kwa kile kipimo chake cha haraka salfa, molibdenamu na risasi alama zao zinaangukia karibu sehemu moja, mtu asiyejua anaandika moja anaacha nyingine. Vyote viwili vikichukuliwa kwa pamoja visipofanana na madini yoyote kati ya yale 6,000 hivi yanayojulikana ndipo ombi linaandikwa kwenda kwa kamisheni ya IMA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa madini, wanapiga kura, na sampuli yenyewe lazima ihifadhiwe makumbusho. Jina la kwako mwenyewe hairuhusiwi kulipa.

Kijana_wa_Chumbageni
Shikamoo mama, asante sana. Nimepata nywele mbili zilizodondoka kwenye karatasi nimezisukuma na sindano, zote zimepinda kama uzi hazikukatika. Nimekosa raha kidogo maana nilishaanza kuota, ila bora nijue ukweli kuliko ule wa dalali. Bado nilipeleke?

Mama_wa_Hadubini
Marahaba mwanangu. Lipeleke, tena usikate tamaa, kwenye ukoo huu macho hayatoshi, yapo mengi yanayofanana na tofauti yake inaonekana kwa eksirei tu. Anza na Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma au wanajiolojia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Kabla ya hapo mwambie shemeji aandike duara gani (shimo la kuchimbia), kina cha mita ngapi, mwamba wa pembeni ukoje, maana jiwe lisilojulikana lilikotoka nusu ya thamani yake imeshapotea.

Mtu_wa_Miamba
Na safarini usilifunge na pamba mkuu, nywele zinanasa zinakatika zote. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, bandika sehemu ya chini ya jiwe lisicheze, kijishimo kisiguse kitu chochote.