Viza za mafundi: Ujerumani, Kanada, Australia au Uingereza?

Nyaya_Moro: Wakuu, salaam. Mimi ni fundi umeme, miaka 31, nina cheti cha chuo cha ufundi cha serikali, VETA Level III, na miaka 6 nimekuwa viwandani. Kiingereza kipo, Kijerumani sina. Mdogo wangu anachomelea mageti na matenki, kajifunzia gereji kwa mtu, cheti hana. Njia ipi inatufaa? Maajenti wanaahidi kila kitu, nataka kusikia kwa wanaojua.

Kipimo: Mkuu, wewe anza na Ujerumani. Kuna Chancenkarte, viza ya kwenda kutafuta kazi, ilianza Juni 2024. Unaingia kwa hadi mwaka 1 na kutafuta mwajiri ukiwa huko huko. Wanataka pointi 6. Umri usiozidi 35 ni pointi 2, uzoefu wa miaka 5 ndani ya 7 ya mwisho kwenye fani ya cheti chako ni 3. Tayari una 5, na Kijerumani cha A2, yaani kiwango cha msingi, kinakupa ya sita. Ila cheti lazima kitokane na mafunzo ya miaka 2 au zaidi yanayotambuliwa na serikali ya kwenu, na ZAB, ofisi yao ya vyeti vya nje, ithibitishe hivyo. Halafu pesa: uonyeshe zaidi ya yuro 1,000 kwa kila mwezi utakaokaa. Wengi huziweka kwenye akaunti maalumu inayokuachia kiasi kidogo kidogo kila mwezi. Hapo ndipo wengi wanakwama.

Dada_Kassel: Pointi sawa, kaka, lakini A2 haitoshi kazini. Msimamizi anakueleza saketi kwa haraka, na kwenye umeme ukielewa nusu unaweza kuua mtu. Mimi naona bora usome hadi B1, ngazi inayofuata, kwanza ukiwa nyumbani, hata ikikuchelewesha. Na ukifika B1, ifikirie pia Ausbildung, mafunzo ya ufundi ya kazini na darasani: umeme ni miaka 3 na nusu, unalipwa posho ya mwanafunzi, na unatoka na cheti cha Kijerumani ambacho hakuna mwajiri atakayekihoji. Ni kurudi darasani, najua, na kwa mwenye familia posho ile ni ndogo.

Mzee_Calgary: Kanada ina mpango wa mafundi ndani ya Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji kwa pointi. Elimu ya darasani si sharti. Wanataka uzoefu wa miaka 2 ndani ya 5 ya mwisho, na Kiingereza cha CLB (vipimo vyao vya lugha) 5 kuongea na kusikiliza, 4 kusoma na kuandika. Mlango mgumu ni huu: uwe na ofa ya kazi ya mwaka mzima au cheti cha ufundi cha jimbo. Tangu Machi 2025 ofa haiongezi pointi za ushindani, lakini kuingia kwenye mpango huo bado inahesabika. Bila mwajiri wa kweli, usimlipe mtu yeyote.

Kijana_Perth: Australia ujuzi wako unapimwa na TRA, ofisi yao ya kupima ujuzi wa ufundi: nyaraka, mahojiano ya kiufundi, na fani nyingine vitendo. Fundi umeme bado atahitaji leseni ya huku kabla ya kugusa waya peke yake. Uingereza imejifunga sana: tangu 22 Julai 2025 viza ya kazi inadai kazi za kiwango cha digrii. Baadhi ya fani za ufundi zimebaki kwenye orodha ya muda, na hizo familia haiji.

Nyaya_Moro: Asanteni sana. Na mdogo wangu?

Kipimo: Mpeleke VETA kwenye urasimishaji wa ujuzi, wanapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Lakini usimtie tumaini la Chancenkarte, maana Wajerumani wanauliza urefu wa mafunzo. Kwa mtu kama yeye wanaoangalia kazi yenyewe, kama Kanada, ndio wa kufuatwa.

Kijana_Perth: Na aanze leo kukusanya ushahidi. Barua ya mwenye gereji yenye tarehe, saa na aina ya kazi, risiti, miamala ya malipo kwenye simu, picha akiwa kazini. Mafundi wazuri sana nimeona wanakosa nafasi kwa sababu miaka yao yote ya kazi haijaandikwa popote.

Dada_Kassel: Mwenye gereji akisita kuandika, mwandikieni nyie, yeye asome, athibitishe kuwa ni kweli, kisha asaini na kupiga muhuri.