Klabu ikidaiwa ada ya usajili, iongee au inyamaze?

Kipa wa Ligula
Klabu moja ya Ligi Kuu imebandika "Taarifa kwa Umma" asubuhi: hatudaiwi hata senti ya usajili. Jioni klabu ya nje iliyomuuza mchezaji ikajibu kwamba awamu ya pili haijaingia. Hapo ilitakiwa iongee au inyamaze?

Mwana Kuchele
Inyamaze, au iseme suala liko kwa wanasheria, basi. "Hatudaiwi" ni neno linalopimika. Malipo yakichelewa zaidi ya siku 30 bila sababu ya kimkataba, mdai anaandika barua ya madai, anakupa siku zisizopungua 10, kisha anafungua shauri FIFA. Taarifa yako inaambatanishwa kwenye jalada. Na wale wanaoandika "tutamalizia dirisha likifungwa" ndio wabaya zaidi, hapo umeshakiri deni kwa nembo ya klabu.

Wakala wa Nyangao
Ukinyamaza, vipindi vya michezo vitakusemea. Waongee, ila mhasibu aulizwe kwanza. Hela ya nje inapitia benki ya kati, nayo inakata chake. Mkataba unasema dola 50,000 zifike kamili, zinafika pungufu. Au tarakimu moja ya akaunti imekosewa, hela inazunguka wiki nzima na kurudi ilikotoka. Afisa habari kaona hati ya swift, ile ya benki ya kutuma hela nje, kaposti "tumelipa". Ile hati inaonyesha hela imetoka, haionyeshi imefika. Klabu zetu zinalipa kama AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho: karatasi unayo, hela huna.

Mkulima Tandahimba
Wewe Wakala, AMCOS imekukosea nini? AMCOS inakusanya mzigo, unaenda ghalani, unapigwa mnada, mnunuzi anaingiza hela, ndipo mkulima analipwa kwenye akaunti yake. Mnunuzi akichelewa, kosa la katibu wa AMCOS liko wapi?

Wakala wa Nyangao
Msimu wa 2018 mnunuzi alikuwa nani? Serikali, 3,300 kwa kilo, na watu walisota na stakabadhi mkononi.

Mkulima Tandahimba
Mwaka ule minada ilisimama, usichanganye mambo. Na malipo yalisubiri uhakiki kwa sababu ya kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kinyemela nje ya mfumo. Waliokuwa wananunua kwa kangomba ndio waliopiga kelele kuliko wenye mashamba.

Wakala wa Nyangao
Unaniita mimi kangomba?

Mkulima Tandahimba
Sijataja jina. Umejishika mwenyewe.

Ruangwa Damu
Jamani, mada ni mpira. Halafu Kuchele, ninyi Ndanda mlioshuka 2020 ndio mnatufundisha mambo ya Ligi Kuu? Namungo tumefika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika sisi.

Mwana Kuchele
Kushuka daraja hakufuti kanuni, kaka. Uamuzi ukitoka, unapewa siku 45 tangu mdai akutumie namba ya akaunti. Usipolipa, unafungiwa kusajili, inaweza kufika madirisha matatu. Ukilipa deni lote, kifungo kinaondolewa. Na FIFA wanaweka orodha ya waliofungiwa hadharani, kwa hiyo unaposema "hatudaiwi" shabiki wa Masasi anafungua simu na kukuona humo.

Bint Mikindani
Na kiungo Feisal Salum, Fei Toto? Desemba 2022 aliingiza hela kwenye akaunti ya Yanga avunje mkataba, Yanga wakazikataa, taarifa zikapishana. Yakaja kumalizwa 2023 baada ya Rais Samia kuwaomba Yanga. Taarifa zote zile zilisaidia nini?

Kipa wa Ligula
Ile ni mchezaji na klabu yake, dada, na ilianzia kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Hapa ni klabu kwa klabu, tena ya nje. Klabu iliyonunua inatakiwa ipandishe hati ya malipo TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho mtandaoni, ndani ya siku 30 tangu ilipe. Wanaouza nao wanaingia mfumo huohuo, wanaona. Kabla ya kuandika neno "tumelipa", fungua TMS. Kama hati haimo, hujalipa, hata kama mwenyekiti kakuapia.

Bint Mikindani
Kwa hiyo afisa habari apewe neno la siri la TMS?

Kipa wa Ligula
Hapana! TMS ina msimamizi wake. Afisa habari apewe mambo matatu: awamu ipi, tarehe iliyopaswa kulipwa, hati ipo au haipo. Mtendaji mkuu asome taarifa kabla haijatoka. Tatizo letu wanatumiana WhatsApp saa tano usiku, mwenyekiti anasema "wajibu hao," kijana anajibu.

Ruangwa Damu
Akikataa kujibu kesho hana kazi. Mlaumuni mwenyekiti basi, siyo kijana.

Mkulima Tandahimba
Mimi bado nasubiri Wakala afute neno lake kuhusu AMCOS.

Wakala wa Nyangao
Sifuti. Mnada wa kwanza ukipita, njoo hapa utuambie hela imeingia lini.