Ushauri: Pikipiki ya theluji imenifia porini Petersville, Alaska. Naivutaje hadi barabarani?

Mpare_wa_Kaskazini:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa haraka, hasa kwa mlioko nchi za baridi.

Juzi mimi na jamaa yangu tulipanda Petersville Road, kule Trapper Creek. Gari tuliacha maegesho ya Kroto Creek, tukaendelea na pikipiki za theluji kuelekea Peters Hills. Huko juu yangu ikazima ghafla, na sasa kamba ya kuwashia haivutiki hata kidogo. Ni tustroku (injini ya mipigo miwili), nahisi pistoni imejam. Tukapakizana kwenye ya jamaa tukarudi, yangu ikabaki pembeni ya miti.

Kutoka ilipo hadi kwenye njia iliyoshindiliwa ni theluji laini tupu, ukishuka chini unazama hadi kiunoni. Kuna mteremko mmoja mrefu na vijito vya kuvuka. Jamaa ana Skandic, pikipiki ya theluji ya kazi yenye treki pana (ule mkanda wa mpira unaoisukuma mashine), anasema kesho tufunge kamba kwenye vile vishikio vya ncha za skii tuondoke nayo. Moyo wangu haujatulia. Helikopta sina hela hiyo. Nifanyeje?

FundiBelti:
Pole mkuu. Kwanza mwambie jamaa vile vishikio ni vya kunyanyulia kwa mkono tu. Ukivutia pale unapinda skii na kuharibu usukani, na watengenezaji wenyewe wanakataza kwenye vitabu vyao. Kamba inafungwa kwenye mguu wa skii, ule mhimili wa chuma unaoshuka kutoka kwenye suspensheni. Funga miguu yote miwili, ncha zikutane mbele kama herufi V, ndipo uunge kamba ya kuvutia. Hivyo inakufuata imenyooka.

Pili, toa belti. Hizi mashine zina klachi mbili na belti katikati, mfumo uleule wa skuta. Ukivuta na belti ikiwa ndani, treki inazungusha klachi ya nyuma, belti inaburuzwa kwenye klachi ya mbele ambayo imekufa pamoja na injini. Ikikamata, treki inagoma hapohapo. Fungua ubavu wa kushoto, chomoa pini za kava, tafuta kifaa cha kutanulia klachi kwenye mfuko wa vifaa vilivyokuja na mashine. Kikishatanua klachi ya nyuma, belti inalegea unaitoa kwa mkono. Fanya mazoezi nyumbani kwenye ya jamaa kama zinafanana, maana kutafuta pini iliyodondoka kwenye theluji ni adhabu. Kama yako ina giabox yenye nyutro, weka nyutro pia.

Mtoto_wa_Mbagala:
Huku kwetu ikizima unaita bajaji ya jirani, inakusukuma kwa mguu hadi kwa fundi 😂

Mpare_wa_Kaskazini:
@Mtoto_wa_Mbagala huku jirani ni moose, yaani paa wa porini mwenye ukubwa wa ng'ombe, mkuu, na hana urafiki.

@FundiBelti asante. Nikitoa belti, breki je?

FundiBelti:
Inabaki. Breki inashika upande wa treki, haipitii kwenye belti. Unachopoteza ni injini kukusaidia kupunguza mwendo, kwa hiyo breki ndiyo pekee utakayokuwa nayo. Lazima mtu akae juu ya ile mbovu mwanzo hadi mwisho. Kwenye mteremko yeye ndiye anayehakikisha kamba hailegei. Kamba ikilegea, moja kati ya mawili: inaingia kwenye treki ya anayevuta, au ile mbovu inampanda mgongoni. Mashine ya milimani ikiwa na mafuta inakaribia kilo 250, sasa fikiria.

Kiruna_Bukavu:
Ndugu, mimi niko kaskazini ya Sweden, na kazi hii tunaifanya kila msimu. Mnaongelea kamba, lakini kitakachowakwamisha ni theluji. Skandic hata iwe na nguvu namna gani, ikivuta mzigo kwenye theluji laini itajichimbia shimo, na mtakuwa na mashine mbili zilizokwama.

Kesho msivute. Kesho nendeni na Skandic peke yake, mpite njia mtakayotumia, mwende na kurudi mara kadhaa mpaka ipate upana wa kutosha. Halafu iacheni ilale. Theluji ikishakandamizwa, chembe zake zinashikana zenyewe kadiri baridi ya usiku inavyoingia. Asubuhi unaikuta ngumu, unaweza kutembea juu yake kwa buti bila kuzama. Hapo ndipo mnavuta. Anayetoka nje ya ile njia hata kwa nusu mita anazama, kwa hiyo kona zifanyeni kubwa.

Jambo lingine: mashine iliyosimama huko siku kadhaa imegandia chini. Theluji iliyoyeyuka kwa joto la injini imekuwa barafu ndani ya suspensheni na kwenye treki. Msiivute ikiwa hivyo. Itikiseni kushoto na kulia, chimbeni pande zote, nyanyueni nyuma kwa bampa mzungushe treki kwa mkono. Ikizunguka, tandikeni matawi chini yake kabla ya kuishusha. Isipozunguka hata baada ya kutoa belti, tatizo si pistoni peke yake, na mpango mzima unabadilika: hapo inabidi kuiburuza juu ya sleji.

Njeri_Fairbanks:
Boss, hivyo vijito ndivyo vinanipa wasiwasi. Alaska maji hupanda juu ya barafu na kukaa chini ya theluji, huwezi kuyaona. Ukiona theluji imelala chini kuliko pembeni au ina rangi ya kijivu, hapo kuna maji. Mashine ya mbele inaweza kupita kwa kasi, lakini ile ya nyuma inazama kwenye uji wa theluji na maji na kuganda hapo. Kwenye kijito fungueni kamba, Skandic ivuke kwanza, mpige fito mkague, ndio mvute ile nyingine kwa kamba ndefu mkiwa ng'ambo. Na huyo wa nyuma ashuke.

Pia angalieni miteremko iliyo juu yenu, si ile mnayopita tu. Yenye nyuzi 30 hadi 45 ndiyo theluji yake huporomoka sana. Msisimame chini yake kurekebisha kamba. Bikoni (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa na theluji), koleo na fito kwa kila mtu, na kifaa cha setilaiti, maana simu huko ni ya kupigia picha tu.

Kuhusu kamba sikubaliani na FundiBelti. Kamba ni ya dharura. Kwa mteremko mrefu tafuteni chuma cha kuvutia. Hakilegei, na ile ya nyuma haiwezi kuwafikia.

FundiBelti:
@Njeri_Fairbanks hapo umenishinda. Kwenye mteremko chuma ni bora. Kwenye kona kali za msituni bado nachagua kamba.

Halafu jamaa achunge joto la Skandic. Kama ni ya kupozwa kwa maji, inategemea theluji inayorushwa na treki. Kwenye njia ngumu hairushi kitu, na inavuta mzigo. Mwendo wa polepole, na taa ya joto ikiwaka aingize skii kwenye theluji laini pembeni akiwa amefungua mzigo.

Mpare_wa_Kaskazini:
Nimewaelewa wakuu. Jamaa kanuna lakini kakubali: kesho kushindilia, keshokutwa kuvuta. Mchana wa Machi ni mrefu, tutaondoka alfajiri. Nimebakiwa na swali moja. Kuna mtu Anchorage au Wasilla mwenye chuma cha kuvutia cha kuazima?

Dereva_Wasilla:
Ninacho. Nimekuandikia inbox. Pitia leo kabla sijaingia shifti ya usiku, na kirudi na pini zake zote mbili, aliyeazima mwisho alirudisha moja.

Mpare_wa_Kaskazini:
Niko njiani.